Kituo Kinachoitwa Haiuzwi

1.

PUNGUZA MWENDO
(kibao cha kwanza ukitoka Singida mjini. Hakuna anayepunguza.)

ALIZETI SAFI IPO
(ilikuwepo.)

USIKOJOE HAPA
(ukuta umelowa.)

FUNDI VITI VYA PIKIPIKI, PIGA HODI
(hakuna mlango wa kupigia.)

Kibao cha ng'ombe. Hiki hakina maneno, ni ng'ombe mweusi tu ndani ya pembetatu nyekundu. Kuna mtu aliona amepungukiwa, akamchorea kiwele kwa rangi nyeupe.

NYUMBA HII HAIUZWI

Hapo shuka. Ndiyo kwetu.

2.

Mimi ni Nakembetwa Msengi, mwalimu wa darasa la nne Singida mjini. Nyumbani wananiita Nake. Napenda vitu viwili ambavyo watu wazima hawavipendi hadharani: vibao vya barabarani na kalamu.

Kibao nakipenda kwa sababu hakibishani na mtu. Kinasema neno lake, kinabaki pale pale, mvua inakinyeshea, na kesho kinasema lile lile. Nina wanafunzi wengi na kaka mmoja, kwa hiyo tabia hiyo naihusudu sana.

Wewe unayesoma, kama hutoki pande zetu, hebu nikueleze. Huku mtu anaweza kwenda msibani, akirudi anamkuta mgeni sebuleni anapima madirisha ya kuwekea mapazia. Nyumba imeuzwa na tapeli asiyejulikana. Ndiyo maana wenye nyumba huandika ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba haiuzwi. Si kwetu tu, utayaona maandishi hayo kila mkoa.

Ya kwetu aliandika Baba, Mzee Yeremia Msengi, kwa mkono wake, kwenye ukuta unaotazama lami. Mstari wa juu ni mwekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Wa chini ni wa bluu: OGOPA MATAPELI. Tulikua tukiambiwa kwamba alikuja tapeli kutoka Nzega, amevaa tai, na kwamba rangi nyekundu iliishia njiani.

Kituo chetu hakijawahi kupewa jina na serikali. Madereva walisoma ukuta, wakakiita Haiuzwi. Hakuna aliyeitisha mkutano.

3. (yaliyosikika)

— Haiuzwi kuna mtu?

— Shusha!

— Niache Haiuzwi, hapo kwa mama wa vitumbua.

— Mchumba wako anatoka wapi?
— Haiuzwi.
— Sasa kama haiuzwi, hiyo mahari wanataka ya nini?

— Dereva, mwanangu, nishushe ukishampita ng'ombe.

(Huyo wa mwisho ni Mama. Hajawahi kulitaja jina la kituo chetu. Mimi nilidhani ni mazoea ya kizee.)

4.

Sehemu hii ni ya Mama. Nimeiacha wazi kwa sababu mpaka hapa hakuwa amesema kitu.

Nenda ya tano.

5.

OFISI YA SERIKALI YA KIJIJI

YAH: NYUMBA YA MAREHEMU YEREMIA MSENGI

Ofisi imepokea maombi ya mwana wa marehemu, Ndugu Zefania Msengi, ya kutaka kuuza nyumba tajwa hapo juu. Ofisi haina pingamizi. Hata hivyo, kwa kuwa nyumba yenyewe imeandikwa kwamba haiuzwi, na kwa kuwa mnunuzi ameisoma, ofisi inaelekeza yafuatayo:

(a) warithi wote na mjane watie saini fomu ya ridhaa;
(b) maandishi ya ukutani yafutwe, ili kuondoa mkanganyiko;
(c) jina la kituo halihusiki na zoezi hili.

Nakala: ubao wa matangazo.

6. (simu yangu, anayeandika ni kaka yangu Zefania, yuko Dodoma)

Nake habari za kazi

Nake fomu umeiona?

Mimi nishasaini imebaki wewe na Mama

Mama yuko peke yake pale barabarani, akianguka nani atamwona? madereva wa malori?

Umesoma umenyamaza, naona alama mbili za bluu

*Kaka, kalamu imegoma.*

Kalamu zimeisha Singida nzima???

*Ninayotaka kusainia ndiyo imegoma.*

Wewe ni mwalimu au mtoto

*Baba aliandika haiuzwi. Mama anaishi humo. Mimi siwezi kumtoa Mama kwenye nyumba yake kwa kalamu.*

Nani kasema tunamtoa

Nake

Nake?

7.

Nilimwambia kaka kweli nusu. Kalamu zangu ni tatu.

Nyekundu ni ya kusahihishia, nayo haina urafiki na mtu.

Bluu ni ya kawaida, ile ya dukani, na kifuniko chake nimekitafuna mpaka kimekuwa bapa. Hii ndiyo niipendayo. Ninaandikia orodha ya sokoni, majina ya watoto watoro, na mambo kama haya unayosoma. Ikipotea hainiumizi. Huenda ndiyo maana haipotei.

Ya tatu ni ya Baba. Ni ya wino, kofia ya chuma. Aliipata alipokuwa karani kwenye kambi ya wajenzi wa barabara yetu. Aliiona ile lami ikija, akanunua kiwanja pembeni yake hata kabla haijafika, akaisubiri. Jioni alitoa kiti nje akakaa akiitazama, na lori likipiga honi alikuwa akipunga mkono. Kalamu aliivaa mfukoni mwa shati. Kuandika aliandika mara chache, lakini mashati yake yote yana doa la wino upande wa moyo, na Mama aliyafua na lile doa maisha yake yote.

Alipokufa nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Nilijiambia kwamba jambo la nyumba ya Baba litasainiwa kwa kalamu ya Baba au halitasainiwa kabisa.

Nayo ilikuwa imekauka. Niliacha ikae hivyo hivyo.

8.

MUHTASARI WA KIKAO CHA FAMILIA (sehemu)

Waliohudhuria: Zefania Msengi (mwenyekiti), Nakembetwa Msengi (katibu), mjane wa marehemu.

Ajenda ya pili: Nyumba.

Mwenyekiti alieleza kuwa ipo haja ya kuuza. Alisema mjane asikae peke yake.

Katibu alipinga. Alisema nyumba ni kumbukumbu na mjane ameizoea.

Mwenyekiti alisema katibu anaishi mjini, anaijua nyumba ya Krismasi tu.

Katibu alisema mwenyekiti achunge mdomo wake.

Hoja za mjane: hakuna.

Chai iliandaliwa na mjane.

(Mwandiko ni wangu. Kalamu ni ya bluu.)

9.

Mimi ni ukuta.

Upande mmoja nimeandikwa, na kila apitaye ananisoma. Wa kwenda Mwanza ananisoma, wa kurudi Dodoma ananisoma, mbuzi ananikuna mgongo.

Upande wa pili sijaandikwa kitu. Ni chumba cha kulala. Kitanda kimeegemea kwangu, na kichwa chake kiko sawasawa na neno la…

10.

Kila Krismasi mimi hupaka upya yale maandishi.

Niseme ukweli, najivunia. Jua la huku halina huruma na rangi, na mwaka ule Baba alipofariki mstari mwekundu ulikuwa umefifia, ukabaki kama wa kuotea. Nilinunua kopo, nikapanda kwenye stuli ile ile aliyopanda yeye, nikafuata mkono wake herufi kwa herufi. Tangu hapo ni desturi. Watu wengine huchinja kuku, mimi napaka ukuta kwanza.

Mama hukaa barazani akinitazama. Nikifika katikati ya mstari, huniletea chai.

"Pumzika, mwanangu," husema. "Inasomeka."

Nilikuwa namwambia: "Ngoja ing'are, Mama. Wasome mpaka walioko kwenye malori."

Hunywi chai ya mama yako ukiwa juu ya stuli ukafikiri kuna kitu kibaya.

11. (anazungumza Shila, dereva wa bodaboda, kijiwe chake kiko mkabala na kwetu)

Mwalimu, mimi mambo ya familia za watu siingiliagi. Lakini kwa kuwa umeniuliza kama Bibi anashinda salama, wacha nikwambie. Anashinda salama. Ila siku za gulio anavuka anakuja hapa kwetu na kibegi. Kile cha kijani. Anakaa kwenye hili benchi. Zile Noah za abiria za kwenda Kinampanda zikisimama, anaziangalia. Konda anamwambia, "Bibi, panda." Bibi anamwuliza, "Huko kumenyesha?" Konda anamwambia kumenyesha. Anasema, "Haya, asante." Gari linaondoka. Anakaa kidogo, anavuka anarudi zake.

Siku moja nikamwuliza, Bibi, kwani unasafiri? Akaniambia, "Leo hapana."

Sasa mimi nikadhani nyie mnajua.

&nbsp;

Hatukujua.

&nbsp;

4.

Nilimkuta uani, anapepeta alizeti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na ile karatasi ya kaka yako?"

"Iko kwenye mkoba. Usiwe na wasiwasi, siisaini."

Ungo ukasimama.

"Wasiwasi wa nini?"

"Wa nyumba. Nyumba ya Baba haiuzwi, Mama. Mimi nipo."

Akauweka ungo chini taratibu, akapangusa mikono kwenye khanga.

"Nake. Katika kelele zenu zote, wewe na mwenzio, nani aliniuliza?"





"Kaa chini," alisema. "Na usinikatishe, maana najua ualimu wako. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Nilimwambia baba yako: Baba Zefania, haya malori yananitoa roho. Vumbi limeingia mpaka kwenye unga. Usiku silali, kitanda kinatikisika. Tuiuze hii nyumba, twende Kinampanda. Baba yangu ametupa shamba kule mlimani, kuna baridi, kuna maji. Nilimwambia vizuri, ameshakula. Kwa heshima zote."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alinawa mikono, akatoka. Nikasikia anatikisa kopo. Nikasema ngoja nitazame. Nikamkuta juu ya stuli, anaandika."

"Anaandika tahadhari ya…"

"Anaandika jibu langu."

Lori likapita. Tulisubiri limalize, kama tunavyosubiri siku zote katika nyumba ile.

"Lakini tapeli, Mama. Yule wa Nzega. Wa tai."

"Tapeli gani? Siku ya kwanza palikuwa na mstari mmoja tu. Mchungaji akapita na baiskeli, akasoma, akauliza, 'Mzee Msengi, kwani nani anataka kuiuza nyumba yako?' Baba yako akatahayari. Angesema ni mke wangu? Kesho yake akaongeza matapeli. Tai alikuja kumvalisha baadaye, kila akisimulia anamwongezea kitu. Mwishoni alikuwa na mpaka miwani."

"Na rangi? Alisema nyekundu iliishia njiani."

"Iliisha. Niliimwaga chooni."

Akacheka kidogo, mkono mdomoni, kama msichana aliyefumwa. Sikuwa nimemwona mama yangu akicheka hivyo.

"Mbona hukusema tena?"

"Nilisema mara moja nikajibiwa mbele ya barabara nzima. Mataniboi wa malori wananisomea jibu langu. Wageni wanalitamka wakishuka. Wewe ungesema tena?"

Nikafikiria lile jina ambalo hakulitaja hata siku moja. Ng'ombe wa kwenye kibao, yule wa kiwele. Nishushe ukishampita ng'ombe. Halafu nikafikiria Krismasi.

"Mama, mimi kila mwaka…"

"Wewe ulikuwa unamlilia baba yako kwa brashi. Nililijua hilo. Ndiyo maana nikakuletea chai."

Nililia. Si machozi ya kistaarabu, nililia na kamasi juu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mama aliniacha nilie, akauchukua ungo wake, akaendelea kupepeta.

"Ila usije ukachanganya," alisema baadaye. "Baba yako nilimpenda. Alikuwa mtu mwema, yeye na barabara yake. Ni hilo jambo moja tu."

12.

Kuhuisha kalamu ya wino iliyokauka:

Ifungue. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Ibadilishie maji mpaka yaache kuwa ya bluu. Ikaushe kwa kitambaa. Ijaze. Itikise kidogo, kwa adabu.

Ni kazi rahisi. Ningeweza kuifanya siku yoyote.

13.

FOMU YA RIDHAA

Mrithi wa kwanza: *Z. Msengi*
Mrithi wa pili: *N. Msengi* (kuna tone la wino juu ya M; kalamu ina tabia ya mwenyewe)
Mjane (dole gumba):

Zefania alikuwa amekuja kutoka Dodoma na kidau cha wino wa mhuri, amekifungua tayari, amekisogeza mbele ya Mama.

"Weka kidole hapa, Mama. Ubonyeze tu."

Mama alikitazama kile kidau. Akakisogeza pembeni. Akanyoosha mkono upande wangu.

"Nipe hiyo."

"Mama, unajua kuandika?" aliuliza kaka, na mimi nikashukuru Mungu kwamba ameuliza yeye, maana lilikuwa mdomoni kwangu pia.

"Darasa la nne la misheni. Mwulize mwalimu hapo, mtu wa darasa la nne anajua nini."

Akainama. Aliandika polepole, ulimi umetokeza pembeni, kama wanafunzi wangu. Kalamu ya Baba ilimchafua kidole, hakujali. Aliandika:

*Raheli Gunda*

Si Mama Zefania. Si mjane wa marehemu. Mwandiko wa kulala, wa zamani, wenye mikia. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka yote hii, na mwandiko wa mama yangu nilikuwa siujui.

Kaka aliivuta fomu karibu.

"Mzuri," alisema.

"Kawaida," alisema Mama, akanirudishia kalamu, akaenda kutazama chai.

14. (yaliyosikika, baadaye)

— Ile nyumba imeuzwa?
— Mnunuzi kaja, kapima, kaondoka. Hajarudi, hajakataa.
— Sasa kituo kitaitwaje?
— Kitaitwaje tena? Si Haiuzwi.

15.

Desemba.

Mama yuko Kinampanda tangu mvua za kwanza, kwa mjomba, anapanda viazi kwenye shamba la babu yangu. Anarudi leo kula Krismasi na sisi, halafu atarudi tena huko, nyumba iuzwe isiuzwe. Hajaomba ruhusa. Ametoa taarifa.

Mimi nimesimama mbele ya ukuta. Niko juu ya stuli. Chini ya stuli kuna makopo mawili, moja la rangi nyekundu na moja la chokaa. Nimeyafungua yote, nimelowesha brashi kwenye maji, na tangu saa nne niko hapa sijapaka hata mstari. Ofisi ya kijiji inataka maandishi yafutwe. Mkono wa Baba uko pale, kila herufi naijua inavyopinda. Na upande wa pili kuna kitanda kitupu, kichwa chake ukutani.

Ungekuwa wewe, ungechovya wapi?

Shila ananitazama kutoka kwenye benchi lake. Ana adabu, haulizi.

Simu inalia.

"Shikamoo, Mama. Mmefika wapi?"

"Marahaba. Sijui, kuna vumbi… ngoja, tunampita ng'ombe sasa hivi."

Nasikia kelele za gari, mtoto analia, kuku wa mtu. Nasikia Mama anaiondoa simu sikioni bila kuikata, kama kawaida yake. Halafu sauti yake, si kwangu, kubwa, ya kuvuka viti vyote:

"Dereva! Haiuzwi nishushe!"

&nbsp;

Nashuka kwenye stuli. Ana mzigo wa viazi, lazima apokelewe.